Kisu Kilichorudi na Makali Mawili

Kwetu Pemba chombo cha watu hakirudi kitupu. Ukiletewa sahani ya futari, sahani hairudi mpaka uitie kitu, hata kama ni ndimu mbili. Hayo nimelelewa nayo na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu unaanza pale adabu hii inapotoka kwenye sahani ikaingia kwenye vifaa vya kazi. Mtu akiazima jembe lako anaona haya kulirudisha kama lilivyo, basi atalikata mpini, kwa kuwa machoni pake ulikuwa mrefu mno. Mwavuli wangu mweusi wa kwendea skuli uliwahi kurudi umetiwa kiraka chekundu mahali ambapo hapakuwa na tundu, eti kitambaa kilianza kupauka. Ndoo yangu ilirudi na mpini mpya wa waya uliokuwa ukinikata vidole mpaka nikaitupa. Na kila mara unatakiwa utabasamu useme ahsante.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ndiye bingwa wa mambo haya. Nyumba yao na yetu, hapa Wawi, zimetengwa na ua wa makuti ambao kuku wanauona kama mlango. Ana duka la vipuri vya pikipiki mjini Chake, na mikono yake haijui kutulia. Kisu chochote kikimfikia lazima kipite kwenye kinoo chake, jiwe refu la kijivu alilorithi kwa babu yake. Iddi Kubwa ikikaribia, watu hupanga visu barazani kwake kama viatu nje ya msikiti, naye huvinoa vyote na hataki hata ahadi ya malipo. Ni mtu mwema. Hilo nalisema mwanzo kabisa ili nisije nikaambiwa tena, maana nimeshaambiwa vya kutosha.

Kisu changu kilikuwa cha kukunja, kidogo, cha kutia mfukoni, mpini wake mti mwekundu. Alinipa mwalimu mwenzangu, mama mmoja wa Bara aliyefundisha pamoja nami kule Chake miaka mingi. Jumapili akitoka kanisani alikuwa akipita nyumbani kwetu, tunakaa uwanjani, ananifundisha kubebesha miti. Kubebesha, kwa asiyejua, ni kulitoa jicho, lile tumba la kuchipua, la mti unaoutaka ukaliingiza chini ya ganda la mche wa mti mwingine, ukalifunga, mpaka vikashikana vikawa kitu kimoja. Alipohamishwa kurudi kwao aliniachia kisu chake cha kazi hiyo, na mimi nikakitunza kuliko simu yangu.

Kisu hicho kilinolewa upande mmoja tu. Upande wa kulia ulikuwa na mteremko unaoshuka mpaka kwenye makali. Upande wa kushoto ulikuwa bapa, umenyooka kama rula, na ule ubapa ndio uliokuwa kazi yenyewe. Ukilikata jicho kwa kisu cha namna ile, nyuma yake linatoka limenyooka, na ukiliingiza kwenye mche linalala juu ya mti bila kuacha mwanya. Kisu chenye mteremko pande zote mbili ni kizuri kwa kitunguu na kwa nyama, lakini kwenye kijiti kinazama ndani kisha kinajitoa nje chenyewe, na nyuma ya jicho panabaki shimo. Kwenye shimo panaingia hewa, na jicho linakauka. Hiyo ndiyo elimu yote, wala haihitaji chuo.

Na jicho nililolitaka mimi lilikuwa la mchungwa wa mama.

Mama aliletwa nyumba hii bi harusi, na mama yake alipokuja kumtazama mara ya kwanza alikuja na mche wa mchungwa kichwani badala ya kapu la zawadi. Waliupanda pamoja, nyuma ya jiko. Machungwa yake yalikuwa mabichi kwa nje hata yakiiva, ngozi nyembamba, kokwa chache, na yalikuwa na tabia yao: ukilitia mdomoni linakukunja uso kwanza, kisha ndipo utamu unakuja nyuma, taratibu, na unakaa. Nimekula machungwa ya sokoni Chake, nimekula ya Unguja, nimeletewa ya Tanga. Hakuna hata moja lenye ukali ule wa mwanzo. Mama alifungulia Ramadhani zake zote kwa machungwa hayo, na siku anazoumwa, asipotaka uji wala supu, chungwa la mti wake halikatai.

Mti ukaanza kuoza shinani. Utomvu ulitoka, ganda likabanduka, na matawi yakakauka moja baada ya jingine mpaka likabaki moja tu lililoegemea paa la jiko. Mama alikuwa akitoka asubuhi anaishika ile sehemu iliyobanduka, anaipapasa, anarudi ndani. Siku moja ndipo aliponiambia.

"Mie nshakula matunda ya huu nti tangu n'na meno yangu yote. Ukifa nisiuone uwanja mtupu. Weye wajua kazi hiyo, niokolee hata mmoja."

Nikamwambia usiwe na wasiwasi, mama, hautakufa wote. Nilikuwa nimeshaotesha miche ya mlimau kwenye vifuko, imefikia unene wa penseli. Nilikuwa nasubiri masika, kwa kuwa mvua zikishika ganda la mche linafunguka kwa urahisi. Masika ikaja. Tawi lile la mwisho likachipua. Nikajipangia Jumamosi, siku isiyo na skuli.

Katikati ya wiki hiyo mdogo wangu na mumewe walikuwa na akika ya mjukuu wao wa kwanza, mtoto wa kiume, kwa hiyo mbuzi wawili. Asubuhi nilikuwa skuli. Mchana nikapita kule, nikala, nikaitikia kasida na wenzangu, nikarudi nyumbani nimeshiba na roho yangu safi. Nikafungua mtoto wa meza kuweka chaki zangu, nikaona pahala pa kisu patupu.

"Alikuja mdogo wako," mama akasema. "Wana mbuzi wawili wa kuchuna na visu havitoshi."

"Mama, kile si kisu cha nyama."

"Kwani visu vina kabila?"

Nyumbani kwetu mtu akiomba kifaa haambiwi hapana, na mama angekitoa kisu kile hata kama ningekuwa nimekaa juu yake. Nilijisemea mbuzi ni ngozi na nyama tu, kisu kitarudi na damu, nitakisafisha, yataisha.

Kesho yake mdogo wangu akaja na bakuli kubwa lenye maua ya buluu, limejaa pilau na mapande ya nyama juu. Mkono wa pili alishika kisu, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe kilicholowa mafuta ya nazi. Nikaona ihsani. Damu imeoshwa, mafuta yamepakwa kisishike kutu.

"Shemejio kakitengeneza," akaniambia.

Nikasema ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu amkuze mtoto. Sikukifungua. Nilidhani kutengeneza ni kuosha! Nikakirudisha ndani ya mtoto wa meza na kitambaa chake, na pilau tukaila usiku ule mimi na mama, na ilikuwa nzuri, na mpaka leo naikasirikia ile pilau.

Jumamosi nilitoka alfajiri ilipokwisha pambazuka. Mama alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mbele yake mfuko wa zamani wa nailoni ya buluu aliouficha uvunguni tangu mifuko haijakatazwa, anauchana vipande virefu vya kufungia. Alikuwa amejitanda kanga mpya, kama anakwenda harusini. Nikakata kijiti kwenye tawi, nikapogoa majani, nikaanza.

Jicho la kwanza lilitoka vibaya. Nikaona mkono wangu ndio mzito, maana ni mwaka mzima sijafanya kazi ile. La pili kisu kilikimbia nje nikalikata jicho katikati. Nikabadilisha kijiti. Nikabadilisha mkao. Nikabebesha miche kadhaa hivyo hivyo, nikiifunga na vipande vya buluu anavyonipa mama, huku moyo unaniambia kuna jambo. Kisha jicho moja likaniponyoka likaanguka kiganjani chali, nikaiona nyuma yake. Ilikuwa na shimo, kama kijiko.

Nikakiinua kisu juani. Upande wa kulia ulimetameta. Nikakigeuza. Upande wa kushoto nao ulimetameta. Ubapa wangu haukuwapo tena. Mahali pake palikuwa na mteremko mpya, mrefu, laini, ulionolewa kwa mapenzi makubwa.

Nilivuka ule ua wa makuti sikumbuki hata nilipitaje. Shemeji alikuwa barazani na wazee wawili wa jirani wanakunywa kahawa. Akaniona na kisu mkononi, uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Umekiona ee? Yakhe, kisu kile kilinitoa jasho! Alokinoa mwanzo alikuwa nvivu, kafanya upande mmoja, wa pili kauwacha vivyo hivyo. Nikasema hapana, chombo cha shemeji yangu hakirudi nusu kazi. Chuma kigumu kile! Siku ya akika kuanzia laasiri mpaka magharibi nilikuwa nacho."

Kuanzia laasiri mpaka magharibi! Mtu mzima, mwenye duka, na mjukuu wa kupakata, aliacha wageni wake wa akika akakaa kukiharibu kisu changu kwa bidii. Nikamwambia, shemeji, kile ndivyo kilivyokuwa, kilitakiwa upande mmoja. Mzee mmoja akakichukua kisu mkononi mwangu bila ya kuniomba, akakipitisha kwenye vinyweleo vya mkono wake.

"Chanyoa hichi," akasema. "Sasa wataka nini zaidi ya hapo?"

"Nataka kikate bapa," nikasema. "Kikiwa na makali pande mbili kinachimba."

"Kali ni kali tu, mwalimu," akasema mzee wa pili, kwa upole ule wa kumtuliza mgonjwa.

Nikaanza kueleza habari ya jicho na ganda na mwanya. Nikachora kwa kidole hewani. Watatu wote wakanitazama kwa adabu, na nikaona dhahiri kuwa hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Walikuwa wakisubiri nifike kwenye ahsante. Mdogo wangu akachungulia kutoka ukumbini, mtoto begani.

"Lahaula! Ntu kakesha na kisu chake, naye aja kugomba. Ahsante ya punda mateke."

Hakukesha, mwenyewe kasema mpaka magharibi. Lakini nani angenisikia? Nimewahi kutukanwa na mzazi mbele ya darasa zima na sikuudhika kama nilivyoudhika pale. Mtu akikuibia unampigia kelele, na watu wanakusanyika upande wako. Mtu akikuharibia kwa wema huna pa kushika. Ukilalamika, wewe ndiye mbaya. Na yule ni shemeji, si mtu wa kumvunjia heshima mbele ya wazee, na mjukuu wake hajamaliza hata mwezi duniani. Basi nikalitafuta neno lile mdomoni mwangu, nikalitoa.

"Ahsante, shemeji."

"Hakuna shida, yakhe. Kikiingia butu nletee."

Nilivyorudi nyumbani mama aliniuliza jambo moja tu: "Umemshukuru?"

Nilikwenda Chake siku ile ile. Maduka ya vyombo yalikuwa na visu vya kila rangi, vyote vya kukata kitunguu. Jumatatu, ofisini kwa watu wa kilimo, niliambiwa kisu cha kubebeshea kipo, ila kiko kabatini, na mwenye ufunguo yuko Unguja. Nikajaribu wembe; wembe unapinda kwenye kijiti na kukuingia kidoleni. Nikaona hapana budi, kisu kilivyopotoshwa ndivyo kitakavyonyooshwa. Kuurudisha ubapa ni kuusaga upande mzima wa kushoto mpaka ule mteremko mpya uliwe wote uishe. Na jiwe la kuweza kazi hiyo, lililonyooka kweli kweli, najua liko moja mtaani kwetu. Liko barazani kwa shemeji.

Sikuliomba. Ningeliomba angelileta mwenyewe, angekaa kunisaidia. Na Mungu anisamehe, nilipitiwa na fikra ya kuliazima kisha nikamrudishia limechongwa pande zote mbili. Nikanunua msasa, nikaulaza juu ya kipande cha kioo cha dirisha, nikautia maji, nikaanza kusaga.

Wakati huo huo mvua ikaja na upepo wake, na lile tawi la mwisho likavunjika likaanguka juu ya paa la jiko. Nikakata vijiti vyote vilivyokuwa bado na uhai, nikavizungushia kitambaa kibichi, nikaviweka chini ya mtungi, pahala pa baridi kuliko pote nyumbani. Kijiti kilichokatwa kinavumilia, lakini uvumilivu wake una mwisho. Mimi nafundisha mpaka mchana, nikirudi nakula kusimama, nakaa na kioo changu na msasa wangu. Kisu kinasagika kidogo kidogo, kijasho cha chuma kinatoka cheusi, na ule mteremko wa shemeji uko pale pale. Alikuwa kaufanya vizuri, hilo ndilo lililoniuma. Angekuwa mzembe ningeuondoa kwa siku moja.

Na katika siku hizo zote bakuli la maua ya buluu lilikuwa jikoni kwetu, safi, limepinduliwa kwenye kichanja.

"Bakuli la watu bado liko hapa," mama aliniambia.

"Naliona."

"Lirudishe, utie kitu."

"Nitie nini, mama? Nimsagie na bakuli?"

Kesho yake mama akaniambia tena, na kesho yake tena. Nilikataa kulirudisha tupu, kwa sababu hata hasira zina mipaka, na nilikataa kulitia kitu, kwa sababu sikuona ninachopaswa kushukuru mara ya pili. Basi likakaa.

Kisu kiliporudi bapa kilikuwa kimekonda, kama ntu aliyetoka hospitali, angesema mama. Lakini kilikata. Kilikata vizuri, nyuma ya macho palitoka pamenyooka, nikawa nacheka peke yangu. Ila vijiti vilikuwa vimeanza kunyauka, ganda limejikunja. Nikabebesha miche yote iliyobaki. Buluu ilikuwa imekwisha, hii nikaifunga kwa nailoni nyeupe ya ndani ya gunia la sukari. Tukaipanga yote chini ya kivuli cha mgomba, na mama akachukua kazi ya kuimwagilia kwa kikombe, mche mmoja mmoja, akinong'ona kitu nisichokisikia.

Siku ya kufungua ilipofika tulikaa wawili tena. Nikaanza na nyeupe, maana hizo ndizo nilizoziamini, hizo ndizo zilizokatwa sawasawa. Jicho la kwanza lilikuwa jeusi. La pili jeusi. Nikafungua nyeupe zote na hakuna lililokuwa hai hata moja. Macho yalikatwa vizuri, ila yalikuwa yamechelewa. Yalikufa mikononi mwangu nikisaga chuma. Mama alikuwa akiipokea ile miche na kuiweka pembeni.

Nikafungua buluu. La kwanza jeusi, la pili jeusi, nyuma pamejaa ukungu kwenye lile shimo nililolijua. Nikaendelea kwa kuwa mkono ulishaanza. Katika ile ya mwisho mwisho, nikaondoa utepe, nikaona kijani.

Lilikuwa hai. Jicho la asubuhi ile, lililokatwa kwa kisu cha makali mawili, kabla sijajua. Limeshika.

Mama alisema alhamdulillahi na akafuta macho kwa upindo wa kanga. Mimi nilipaswa kusema alhamdulillahi, na nilisema, lakini ndani yangu nilikasirika kuliko siku niliyovuka ua. Katika macho yote, ni hilo! Bahati ya mtende kuota jangwani, na imwangukie shemeji! Nilitaka kumweleza mama kuwa hiyo ni bahati tu, kwamba kisu kingekuwa kizima asubuhi ile tungekuwa na miche ya kugawa mpaka Tibirinzi. Mama alikuwa ameushika ule utepe wa buluu alioupasua kwa mkono wake, anauzungusha kidoleni. Alijua vizuri ni wa siku gani.

Mche ukakua. Jicho likatoa chipukizi, nikaukata mlimau kichwa ili nguvu yote iende kwenye chungwa, na majani yakatoka mapana yenye harufu ile ile. Bakuli bado liko kwetu. Mdogo wangu alianza kupiga mafumbo uani, anamwambia mtoto, "Bakuli letu limeolewa, baba, halirudi tena." Nikajifanya sisikii. Nilikuwa nimeshachagua pahala pa kuupanda, mbele ya nyumba, mbali na shina lililooza, na nilishachimba shimo nikatia samadi.

Siku moja nimetoka skuli, nikakuta chini ya mgomba hakuna kitu. Nikaenda jikoni. Kichanja kitupu.

"Mama, mche uko wapi?"

"Nimerudisha bakuli la watu," akasema. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Na mche?"

"Humo."

Alikuwa ameutia ndani ya bakuli! Mche wangu wa pekee, mti wake wa pekee, ameukalisha na kifuko chake ndani ya lile bakuli la maua, akamwita mdogo wangu uani, akamkabidhi. Nilipiga kelele. Nilimpigia kelele mama yangu mzazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikamwambia umempa mtu aliyeuua mti wako, ulitaka nikuokolee mmoja, nikakuokolea, umeutoa. Alinisubiri nimalize.

"Ulishika kwa kisu chake," akasema. "Na chombo cha watu kilikaa hapa mpaka nkaona haya. Ningetia nini chengine kinachotosha?"

Kisha akarudi kwenye mchele wake. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu, na hapana rufaa nyumbani kwetu. Nililifukia lile shimo mwenyewe, na samadi yake ndani.

Shemeji aliupanda karibu na ua, upande wake, hatua kidogo tu kutoka pale uliposimama mti wa zamani. Aliujengea kizuizi cha mbuzi. Aliumwagilia kiangazi chote. Aliupogoa bila ya kuniuliza, na kwa bahati mbaya aliupogoa vizuri. Mimi nilikuwa nautazama kwenye matundu ya makuti kila asubuhi, nahesabu majani kama mtu aliyenyang'anywa mtoto na bado anajua ukubwa wa viatu vyake.

Msimu uliopita umezaa. Machungwa machache, mabichi kwa nje. Shemeji hakumruhusu mtu kuchuma mpaka Ijumaa moja baada ya swala, alipotandika jamvi barazani, akaita wageni wake, akaja mwenyewe kumshika mama mkono na kumkalisha kwenye mto. Nami nikaja, kwa kuwa mama aliniambia twende. Mbele yetu lilikuwa lile bakuli la maua ya buluu, na machungwa ndani.

Alimenya la kwanza kwa mkono wake, akalikata, akampa mama. Mama alitia kipande mdomoni. Uso ukamkunja wote, macho yakafumba, akabaki hivyo. Nilikuwa namtazama. Kisha uso ukafunguka polepole, nikajua utamu umefika.

"Ndilo," akasema.

Wageni wakamhimidi Mungu. Shemeji akageuka kwao, kifua mbele, kisu mkononi.

"Huu nti una kisa chake," akaanza. "Ulikuwa unakufa. Shemeji yangu huyu, mwalimu, kataka kuubebesha, lakini kisu chake kilikuwa kibovu, kimenolewa upande mmoja! Nikakichukua nkakinoa mie, pande zote mbili, kwa jiwe la babu yangu. Ndio maana ukashika."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya miaka: shimo nyuma ya jicho, vijiti vilivyonyauka chini ya mtungi, msasa na kioo, nyeupe zote zilizokufa kwa kungoja. Na katikati ya maneno hayo yote nikakutana na ule utepe wa buluu, nikaona kwamba alilolisema mtu huyu mbele ya watu, kwa ujinga wake wote na wema wake wote, ni kweli, na kwamba hapana duniani wa kumkanusha. Mama alinishika kifundo cha mkono. Kwa mkono wa pili akachukua kipande cha chungwa, akanitia mdomoni kabla sijasema, kama alivyokuwa akinifanyia nikiwa mdogo nikitaka kulia mbele za wageni.

"Tafuna," akaninong'oneza.

Nikatafuna. Lilikuwa lile lile, ukali kwanza. Machozi ya hasira yakanitoka nisiweze kuyazuia, na shemeji akawaambia wageni wake, kwa sauti ya upole kabisa, wasinitazame sana, shemeji yake analia kwa furaha.